Ovaholi ya giaboksi ya otomatiki ya A340 nyumbani: mwongozo kamili kwa wenye Surf na Prado

Sahani za klachi ndani ya giaboksi ya otomatiki haziungui zenyewe. Huwa kuna presha iliyopungua, au mafuta yaliyopikika, au maji yaliyopenya kutoka kwenye rejeta, au sili iliyokauka ikaanza kupitisha mafuta. Ovaholi nyingi hurudi kwa fundi baada ya miezi michache kwa sababu sahani zilibadilishwa lakini chanzo kikaachwa ndani. Ndiyo maana hapa tunakaa zaidi kwenye kupima na kusafisha kuliko kwenye kufunga. Usiruke sehemu hizo hata kama mikono inawasha kushika spana.

Tunazungumzia familia ya A340 ya Toyota, iliyoundwa na Aisin. Ina gia nne za mbele. A340E ni ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, A340F na A343F ni za 4x4, na ndizo utakazozikuta kwenye Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990 zinazotembea Nairobi hadi leo. Jeep Cherokee ya 1987 hadi 2001 ina ndugu yake anayeitwa AW4, na kujua hilo kunasaidia unapotafuta spea. Soma msimbo wa giaboksi kwenye bamba la gari kabla ya kununua chochote, kwa sababu idadi ya sahani katika kila dramu (kopo la chuma linalobeba sahani) hubadilika kulingana na injini.

Soma ugonjwa kabla ya kushusha

Anza na dipstiki. Mafuta mazima ni mekundu na hayanuki. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, kuna sahani zinazoteleza. Yakiwa ya waridi mazito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Katika hali hiyo sahani zote ni za kutupwa hata zikionekana nzima, maana maji hulegeza gundi inayoshika karatasi ya msuguano kwenye chuma. Rejeta nayo ni ya kubadilishwa. Kipozaji cha mafuta kiko ndani ya tangi lake, na kikitoboka hakuna cha kuziba.

Halafu angalia kebo ya giaboksi iliyofungwa kwenye throtoli. Mtu akanyage mafuta hadi mwisho, nawe upime nafasi kati ya mdomo wa raba ya kebo na kizuizi kilichobanwa kwenye waya. Inatakiwa milimita 0 hadi 1. Kebo hii haihusiki na kupandisha gia peke yake. Ndiyo inayoiambia giaboksi iongeze presha kadiri unavyokanyaga. Ikilegea, gari linavuta mzigo mkubwa kwa presha ndogo, na sahani zinaungua polepole bila dereva kujua. Tumeipa aya nzima kwa sababu ni kosa la kurekebisha kwa dakika kumi, na limeua giaboksi nyingi sana.

Taa ya O/D OFF (ya overdrive, yaani gia ya 4) ikimemeta barabarani, kompyuta imehifadhi msimbo. Washa swichi bila kuwasha injini, weka swichi ya overdrive iwe imewaka ili taa izimike, kisha unganisha kwa waya mfupi matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo kwenye boneti. Hesabu mimemeto. Msimbo 42 na 61 ni sensa za mwendo. 62 ni solenoidi (vali inayoendeshwa kwa umeme) namba 1, 63 ni namba 2, na 64 ni solenoidi ya kufunga konvata, ile bakuli ya mafuta inayounganisha injini na giaboksi. Solenoidi nzima husoma ohmu 11 hadi 15 kwenye mita. Kama tatizo ni solenoidi tu, fungua sampu (bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi), ibadilishe, na ovaholi uiache.

Kama umeme uko sawa, tumia gia zenyewe kumtambua mgonjwa. Ndani kuna klachi tatu (C0, C1, C2), breki nne (B0, B1, B2, B3) na klachi tatu za upande mmoja (F0, F1, F2). Kila gia huzitumia hivi:

- D gia ya 1: C0, F0, C1, F2
- D gia ya 2: C0, F0, C1, B2, F1
- D gia ya 3: C0, F0, C1, C2, B2
- Overdrive: C1, C2, B0, B2
- Rivasi: C0, F0, C2, B3
- L gia ya 1: kama D gia ya 1, pamoja na B3

Ukiweka 2, B1 huongezeka ili injini ishike gari kwenye mteremko.

Sasa fikiria kwa kuondoa. Gari likiteleza kwenye gia zote za mbele lakini rivasi ni nzuri, ni C1. Rivasi na gia ya 3 zikiteleza pamoja, ni C2, kwa kuwa zote mbili zinaitumia na gia ya 1 na ya 2 haziitumii. Rivasi ikikataa na ukiweka L injini haishiki gari mteremkoni, ni B3. Overdrive pekee ikiteleza, ni B0. Gari likikosa gia ya 1 kwenye D lakini likaenda kwenye L, F2 imevunjika. Likisogea mbele ukiwa kwenye N, na ukiweka rivasi linakwama kana kwamba breki imefungwa, sahani za C1 zimeshikana kwa joto. Kila kitu kikiteleza, mbele na nyuma, shuku pampu, chujio lililoziba au C0.

Fanya pia kipimo cha kuchelewa. Mafuta yakiwa na joto la nyuzi 50 hadi 80, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta na breki ya mkono imevutwa, toa N uweke D, uhesabu hadi utakaposikia gari limeshika. Lisizidi sekunde 1.2. Kutoka N hadi R lisizidi sekunde 1.5. Rudia mara tatu ukipumzika dakika moja kila mara, uchukue wastani. Kipimo cha kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limeshikiliwa na breki kisizidi sekunde 5, na usisimame mbele wala nyuma ya gari. Ukilinganisha matokeo na kitabu, kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa wembamba wa hewa. Mzunguko wa injini utasoma chini kidogo, na hilo si ugonjwa.

Andika matokeo yote. Utakapofungua dramu, unachokiona lazima kilingane na ulichoandika. Kama chati ilisema C2 na ukakuta sahani za C2 ni nzima, usiendelee kubadilisha vitu. Tafuta sili au pete iliyovuja kwenye njia ya mafuta ya C2.

Mahali, vifaa na spea

Vumbi ndilo adui wa kazi hii. Punje moja ya mchanga inaweza kukwamisha vali ndani ya valvu bodi, sehemu inayogawa mafuta kwa kila klachi na breki. Ukiwa mtaa wenye barabara ya vumbi, fumulia na ufungie ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, sakafu ikiwa imepigwa maji na meza imetandikwa plastiki safi. Matambara yanayotoa nyuzi hayafai. Kausha kwa hewa ya kompresa. Na panga kazi ya hewa mapema asubuhi, maana stima ikipotea katikati ya kupima klachi utakaa na giaboksi iliyo wazi.

Vifaa vya kawaida havitoshi. Unahitaji spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inayosoma hadi chini ya Nm 10, plaisi za sakilipi (pete za kufungia) za ndani na za nje, fila geji (vibamba vyembamba vya kupima nafasi), venia (ya kupima unene na kipenyo), dayo geji (saa ya kupima msogeo) ikipatikana, kompresa yenye kichujio cha maji, na kifaa cha kubana springi za dramu. Hicho cha mwisho jua kali wa Kariobangi Light Industries au Kamukunji wanaweza kukutengenezea: boliti ndefu yenye nyuzi, bamba nene la chuma juu na jingine chini lenye dirisha la kuingiza plaisi. Jeki ya giaboksi kodisha. Giaboksi ya 4x4 pamoja na transfa yake (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ina zaidi ya kilo 100, na mtu aliyelala chini ya gari hawezi kuizuia ikianza kuinama.

Spea zinazohitajika: kiti (kit) kamili cha gasketi na sili, sahani zote za msuguano, sahani za chuma, pete za kuziba, chujio, bendi ya B1, bushi, na lita 12 za mafuta ili usikwame katikati. Surf na Prado za miaka ya 1990 hutumia Dexron II au III. Za baadaye zina T-IV. Soma dipstiki, na usichanganye. Kirinyaga Road ina maduka mengi ya spea, na Industrial Area pia. Nenda na sahani za zamani mkononi. Linganisha idadi ya meno, kipenyo na unene kwa venia dukani hapo hapo, kabla ya kulipa.

Kuhusu giaboksi nzima ya ex-Japan: kama gari lako limevunja planetari (seti ya gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati) au limepasua kasha, nunua hiyo, kwa sababu spea zake moja moja zitazidi bei. Lakini fungua sampu yake kabla ya kuifunga, ubadilishe sili ya mbele na chujio. Giaboksi iliyokaa miaka kadhaa kwenye kontena na stoo huwa na sili zilizokauka hata kama kilomita zake ni chache.

Kushusha

Toa waya hasi wa betri. Egesha gari kwenye sakafu ngumu, linyanyue, uliweke kwenye stendi nne. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja.

Mwaga mafuta ya giaboksi na ya transfa. Weka alama kwa rangi kwenye propela shafti na flanji zake ili zirudi zilivyokuwa. Toa waya, mabomba ya kipozaji, mkono wa gia, stata, na kebo ya throtoli upande wa injini. Kupitia tundu la ukaguzi, zungusha injini kwa spana ya krenki ufungue boliti sita za konvata. Shikilia injini kwa jeki na kipande cha mbao chini ya sampu yake, shikilia giaboksi kwa jeki yake, kisha fungua krosmemba na boliti za hausingi. Za juu zinafikika kwa ekstensheni ndefu giaboksi ikiwa imeinama kidogo nyuma.

Wakati wa kuvuta nyuma, konvata lazima itoke pamoja na giaboksi. Ikibaki kwenye injini itainamisha shafti na kuharibu bushi ya pampu. Ifunge kwa waya kwenye hausingi mara tu inapoachia flaiwili, la sivyo itakuangukia ikiwa imejaa mafuta.

Kufumua

Osha nje kabla ya kulegeza boliti hata moja. Fungua sampu, usiimwage. Angalia sumaku zilizo ndani. Chenga zinazonaswa na sumaku zimetoka kwenye beringi, gia au sahani za chuma. Chenga za rangi ya shaba zisizonaswa zimetoka kwenye bushi. Unga mweusi ni karatasi ya msuguano. Unga kidogo ni kawaida kwa giaboksi ya umri huu. Chenga ndefu za chuma zinamaanisha lazima ukague planetari zote, hata kama chati ilielekeza kwingine.

Chujio linafuata, kisha mabomba membamba ya mafuta. Yanyanyue pande zote mbili kwa zamu kwa bisibisi pana, polepole, kwa sababu yanapinda upesi na bomba lililopinda halizibi tena. Chomoa soketi za solenoidi na kebo ya throtoli. Boliti za valvu bodi zina urefu tofauti. Chora umbo lake kwenye kipande cha katoni na utoboe kila boliti mahali pake. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, itagonga mwisho kabla ya kubana, na hapo presha itavuja bila dalili yoyote nje.

Chini ya valvu bodi kuna pistoni nne za akyumuleta (zinazolainisha presha gia inapoingia): za C0, C2, B0 na B2. Funika kwa kitambaa, puliza hewa kidogo kwenye tundu la mafuta, nazo zitaruka. Springi zake zina rangi na urefu wake. Weka kila moja na pistoni yake katika mfuko ulioandikwa jina.

Simamisha kasha wima. Toa hausingi ya konvata, kisha boliti za pampu, na ivute pampu kwa pula inayoshika shafti yake. Usiingize bisibisi ukingoni mwake. Utatoa kwa mpangilio huu: planetari ya overdrive pamoja na C0, sahani za B0, kishikio cha overdrive (kina boliti mbili zinazofunguliwa kutoka upande wa valvu bodi, na watu wengi huzisahau wakaanza kupiga nyundo), C2 na C1 zikiwa zimeshikana, kifuniko cha pistoni ya B1 na bendi yake, planetari ya mbele, gia ya katikati na F1, sahani za B2, kisha sakilipi nene inayoachia planetari ya nyuma, B3, dramu ya B2 na shafti ya kutokea. Mwisho ni gasketi ya dramu ya B2 iliyobaki ndani ya kasha. Hii hubadilishwa kila mara, na isipobadilishwa gia ya 2 haitakaa sawa.

Piga picha kila hatua, hasa beringi bapa na pete zake. Baadhi ya pete huwa zimeshikwa na mafuta upande wa pili wa sehemu uliyotoa, kwa hiyo geuza kila kitu uangalie chini yake. Kabla ya kuchomoa klachi za upande mmoja, zizungushe kwa mkono uandike zinafunga upande gani. F0 ni rahisi kukumbuka: ukishika dramu ya C0 na kuzungusha shafti ya kuingilia, inazunguka bure kwa mwelekeo wa saa na inagoma kinyume chake.

Kusafisha na kupima

Osha vyuma kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha puliza kila tundu hadi hewa itoke upande wa pili. Beringi usizizungushe kwa hewa zikiwa kavu. Raba na sahani za msuguano hazioshwi kwa petroli.

Bana springi za kila dramu, toa sakilipi, kisha sukuma pistoni itoke kwa hewa. Tikisa pistoni: mpira mdogo wa chuma uliomo ndani lazima ucheze kwa sauti. Ukikwama wazi, klachi hiyo haitapata presha kamili na itaungua tena hata ukiweka sahani mpya. Hiki ni kimojawapo cha vyanzo tulivyosema mwanzoni, na hakionekani kwa anayebadilisha sahani tu.

Pampu inastahili subira. Toa gia zake baada ya kuziwekea alama ya upande wa juu. Kwa fila geji pima kati ya gia kubwa na kasha la pampu: milimita 0.07 hadi 0.15 ni sawa, mwisho ni 0.3. Kati ya ncha za meno: 0.11 hadi 0.14, mwisho 0.3. Kisha weka rula iliyonyooka juu ya pampu upime nafasi juu ya gia: 0.02 hadi 0.05, mwisho 0.1. Hiki cha tatu ndicho kinachoshindwa mara nyingi kwenye giaboksi iliyotembea na mafuta machafu. Pampu iliyopita kipimo hairekebishiki kwa gasketi nene. Ibadilishe. Weka sili mpya ya mbele ilingane na ukingo wa pampu.

Angalia mahali pete za kuziba zinaposugua ndani ya dramu. Mfereji unaoshika ukucha unavujisha presha, na dramu hiyo ni ya kutafutiwa nyingine. Sahani za chuma zenye madoa ya bluu zilipata joto kali na zimejikunja. Laza moja juu ya kioo, utaona mwanga chini yake.

Valvu bodi, kama haina dalili ya kukwama, ioshe bila kuitenganisha vali zote. Ukilazimika kuitenganisha, fanya nusu moja kwa wakati juu ya sinia nyeupe, kwa sababu mipira midogo ya raba hudondoka mara tu bamba la katikati linaponyanyuliwa, na kila mmoja una tundu lake. Vali lazima iteleze kwa uzito wake ikiwa imelowa ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki.

Kufunga

Loweka sahani mpya za msuguano katika ATF saa mbili kabla. Sahani kavu huungua katika sekunde za kwanza za kuwasha gari. Midomo ya sili za pistoni ipakwe ATF, na pistoni ishuke kwa kubonyezwa na vidole pande zote kwa usawa. Ukisikia imegoma, itoe uangalie mdomo wa sili. Ukiisukuma kwa nguvu mdomo utajikunja, nawe hutaona chochote hadi gari lianze kuteleza. Beringi bapa na pete zishikilie kwa mafuta ya kujipaka aina ya Vaseline yasiyo na marashi. Grisi ya beringi haiyeyuki ndani ya ATF, nayo huziba matundu na chujio.

Panga sahani ya chuma, ya msuguano, ya chuma, kwa idadi ile ile iliyotoka. Pima nafasi ya kila dramu kwa fila geji au dayo geji. B2 inatakiwa milimita 0.63 hadi 1.98. Pistoni ya B1 isogee milimita 1.5 hadi 3.0 ukiipuliza hewa ya 392 hadi 785 kPa. Kwa dramu nyingine tumia kipimo cha kit ya spea na injini yako. Nafasi ikiwa kubwa, weka flanji nene zaidi. Usiongeze sahani ya chuma ya ziada ili kubana nafasi hiyo, maana klachi itakosa kuachia kabisa na itaungua kwa kusuguana muda wote.

Kila dramu ikifungwa, ipulize hewa kupitia tundu lake la mafuta. Utasikia mlio mfupi mzito sahani zikibanana, kisha ukitoa hewa ziachie mara moja. Ukisikia hewa ikipita mfululizo, kuna sili iliyokatika. Fungua tena. Kazi ya nusu saa mezani ni bora kuliko kushusha giaboksi mara ya pili.

Kurudisha ndani ya kasha ni kinyume cha kufumua, na ugumu uko kwenye kuingiza C1 na C2. Meno ya kila sahani lazima yaingie kwenye habu yake. Ishushe huku ukizungusha kulia na kushoto kidogo kidogo, uisikie ikishuka sahani moja baada ya nyingine. Usiisukume. Ikikaa vizuri, sehemu zote zitakuwa chini kiasi kwamba pampu inakaa kwenye kasha kwa mkono tu. Pampu ikibaki juu hata milimita 2, kuna sahani moja haijaingia. Anayeivuta pampu ishuke kwa kukaza boliti anavunja hiyo sahani, au anapasua pampu. Boliti za pampu hukazwa Nm 22 kwa msalaba, na baada ya hapo shafti ya kuingilia lazima izunguke kwa mkono na iwe na mchezo mdogo wa mbele na nyuma. Ikikaza, fungua.

Hausingi: boliti ndogo Nm 34, kubwa Nm 57. Valvu bodi na chujio Nm 10. Sampu ni Nm 7.4 pekee. Watu huikaza sampu kwa hasira ikivuja, inapinda, nayo inavuja zaidi.

Konvata, kipozaji na kurudisha

Uchafu wa giaboksi iliyoungua hujificha sehemu mbili: ndani ya konvata na ndani ya kipozaji. Konvata imechomelewa, haifunguliki nyumbani. Kama mafuta yalikuwa meusi au yenye chenga, peleka kwa wanaokata na kuchomelea upya kwa mashine, au nunua nyingine. Kipozaji cha ndani ya rejeta kisafishe kwa kusukuma dawa ya kusafishia na hewa kinyume na mkondo wa kawaida, kisha ATF safi hadi itoke nyekundu. Kipozaji cha ziada kilichoko mbele ya rejeta, kama gari linacho, badilisha. Mirija yake ni myembamba na chenga hazitoki zote.

Mimina lita moja ya ATF ndani ya konvata, uiingize kwa kuzungusha na kusukuma taratibu. Itashuka mara tatu: kwenye shafti ya kuingilia, kwenye shafti ya pampu, na mwisho kwenye meno ya gia ya pampu. Huo mshuko wa tatu ndio watu wengi hukosa. Baada ya kuunganisha hausingi na injini, kabla ya boliti za konvata, izungushe kwa mkono. Izunguke bure na iache nafasi ya milimita chache kabla ya flaiwili. Ikiwa imebanwa, simama, rudisha giaboksi nyuma. Ukikaza boliti ikiwa hivyo, pampu itavunjika utakapowasha injini. Seti nyingine zina boliti moja ya kijani. Hiyo ndiyo hutangulia, halafu tano zilizobaki.

Funga kebo ya throtoli upya kwa kipimo cha milimita 0 hadi 1.

Kujaza na kupima barabarani

Mimina lita 5 kwanza. Chomoa bomba la kurudi la kipozaji, liweke kwenye ndoo, washa injini na uangalie: itoke karibu lita moja kwa sekunde 30. Ikitoka kidogo, kipozaji bado kimeziba. Zima, rudisha bomba, ongeza mafuta, washa tena. Ukiwa umekanyaga breki pitisha gia zote polepole kutoka P hadi L na kurudi. Kiwango cha mwisho hupimwa mafuta yakiwa na nyuzi 70 hadi 80, injini ikiunguruma, gia ikiwa P. Usizidishe. Gia zikipiga mafuta yanaingiwa na povu, na povu halibebi presha.

Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kupulizia mafuta) kwa sekunde kadhaa kufuta misimbo ya zamani. Zunguka mtaani kwanza kwa mwendo mdogo, urudi uangalie chini kama kuna uvujaji. Kisha panda Waiyaki Way kuelekea Limuru. Huo mlima unaonyesha haraka kama gia ya 2 na ya 3 zinashika chini ya mzigo. Kwa overdrive nenda Thika Road: kwa kilomita 80 kwa saa, mafuta kidogo, gusa pedali ya breki kidogo tu bila kupunguza mwendo. Mzunguko wa injini ukipanda kisha ukashuka ulipoachia, konvata inafunga na kufungua ipasavyo.

Overdrive ikikataa kuingia na kila kitu kingine ni sawa, angalia thamostati kabla ya kulaumu giaboksi. Mafundi wengi Nairobi huitoa wakidhani inazuia injini kuchemka. Injini ikikaa baridi, kompyuta inazuia overdrive na kufunga kwa konvata, na giaboksi inafanya kazi kwa joto zaidi bila sababu. Rudisha thamostati.

Mafuta machafu yaweke kwenye mitungi yenye vifuniko uwape wanaokusanya oili iliyotumika. Mtaro wa mtaani unaishia Mto Nairobi. Baada ya kilomita 1,000 fungua sampu tena, angalia sumaku, badilisha mafuta yaliyotoka, takriban lita 2, na kaza boliti zake upya kwa Nm 7.4. Unga mwembamba wa kijivu wakati huo ni wa sahani mpya kuzoeana. Chenga zinazong'aa hazitakiwi kabisa.